Programu Isiyojua Maji Kupwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifua mashuka katika nyumba ndogo ya wageni huko Diani, na jioni nikijifunza mjini Ukunda kuandika kurasa za intaneti. Mwenye nyumba, mama wa kutoka bara, aliniahidi kwamba nikiiweza kazi hiyo atanihamishia mezani, penye kompyuta. Niliitamani meza ile hata usingizini.

Kisha mwanawe akamletea programu inayotengeneza kurasa yenyewe. Unabonyeza, unaburuta picha, basi. Mwenye nyumba alimaliza ukurasa kabla chai haijapoa, na ulipendeza, sitasema uongo. Wangu ulikuwa na mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Sasa wewe unasomea nini, na hii inafanya yenyewe?" akaniuliza. Hakuwa na ubaya. Nilirudi kwenye beseni nikasugua foronya kwa hasira mpaka mshono ukaachia.

Programu ilikuwa na nafasi ya kuandika saa ya safari. Akaandika: mashua ya Bodo, kila siku, saa tatu asubuhi. Kwao bara mabasi huondoka kwa saa. Kwetu mashua huondoka kwa maji. Wageni wa kwanza walifika kijijini Bodo mwezi ulipoandama, wakaikuta mashua imelala ubavu kwenye matope ya mikoko. Walirudi viatu mkononi, wamenuna.

"Tuweke saa ingine," akasema.

"Hiyo nayo itakosea, mama. Maji hufuata mwezi."

Kila mtoto wa kwetu Msambweni hulijua hili: mwezi unapoandama maji hujaa alasiri, asubuhi yamekupwa, na kila siku huchelewa kidogo. Programu haikuwa na kitufe cha mambo hayo. Nikaifungua mistari iliyojificha nyuma ya ukurasa, nikaandika hesabu ya mwezi, ili mgeni akichagua siku aione saa ya mashua. Nilikosea wiki nzima. Ilipokubali nilicheka peke yangu.

Nyumbani mama yangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Yaani umesoma mwaka mzima ili ujue maji hujaa lini?"

"Hilo nalijua tangu utotoni. Nimesoma ili niiambie mashine."

"Na mashuka?"

"Nimeshahamia mezani. Picha naburuta kwa programu ile ile, ni nyepesi."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaishika mikono yangu iliyochubuliwa na sabuni, akaigeuza viganja juu, akaanza kuipaka mafuta ya nazi.