Vikazio Vinne vya Besi Kuukuu

Mtaani walimwita Bi Koleo, na wala hakuchukia. Mwanamke mume keshamzika, watoto hakujaliwa, na koleo li mfukoni mwa aproni tangu asubuhi hadi jioni, angeitwa nani tena? Kazi yake ilikuwa kufufua magitaa ya besi ya zamani, yale mazito ya nyuzi nne ambayo bendi ziliyapiga kabla wengine wetu hatujazaliwa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, chenye dirisha dogo na harufu ya vanishi isiyotoka hata kwa maombi.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni uhalisi. Skrubu mpya kwenye gitaa kuukuu ilimkera kama mchanga kwenye chakula. Fundi mwingine angefunga chuma chochote kinachoenea, akapaka rangi, na mteja akaenda zake akichekelea. Bi Koleo yeye angezunguka kwenye marundo ya vyuma chakavu, stoo za makanisa na nyumba za wajane wa wanamuziki, akitafuta kipande kilichotoka kiwanda kilekile, miaka ileile. "Bora gitaa lingoje kuliko livalishwe meno ya bandia," alizoea kusema, na wateja wengine walikwenda kungojea kwa mafundi wengine.

Ndipo akaja bwana mmoja mpole mwenye viatu visivyo na vumbi, kabeba besi iliyokosa vikazio vyote vinne, vile vyuma vya kichwani vinavyozungushwa ili uzi ukaze au ulegee. "Sitaki vya kuiga, mama," alisema. "Nitangoja." Mdomo wake ulitabasamu huku macho yakipekuapekua rafu moja baada ya nyingine. Bi Koleo hakumpenda. Lakini alipoipakata ile besi na kuonja uzito wake, macho ya mtu akayasahau.

Aina ile alikuwa ameiona mahali pamoja tu, kwa mjomba wake, kitinda mimba wa nyumba aliyozaliwa marehemu mama yake. Mjomba ndiye aliyemfundisha kazi. Sasa macho yalikuwa yamemtupa mkono, akiishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na besi yake ikilala kitandani upande wa ukutani kama mtu. Kila jioni aliipiga kidogo. Majirani walijua yu mzima kwa kusikia mngurumo wake ukutani.

Bi Koleo akamwita Jongoo, muuza vyuma chakavu. Jina hilo alilipata kwa mwendo wake. Hakuwahi kuonekana ana haraka, na hapakuwa na mahali asipofika. Akamchorea vikazio kwenye kipande cha kadibodi.

"Nitavitambuaje?" Jongoo akauliza.

"Masikio yake ya kuzungushia mapana kama jani, halafu vinazunguka kinyume. Unadhani unakaza, kumbe unalegeza."

"Wewe uliviona wapi?"

Mwenye akili zake angenyamaza hapo. Lakini muulize fundi habari za kitu anachokipenda, utakuwa umefungua bomba. "Kwa mjomba wangu tu, kule nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ila huko usijisumbue. Gitaa lake hauzi. Hata kuligusa tu hamruhusu mtu, ila mimi."

Jongoo akaikunja kadibodi taratibu, akaitia kifuani, akaaga kwa adabu. Mdomo huponza kichwa, wahenga wamesema. Hawakusema kwamba mara nyingine huponza kichwa cha mtu mwingine.

Alipoondoka tu, Bi Koleo akayawaza tena maneno yake. Akashika simu ampigie mjomba, amwambie asimfungulie mtu. Akaiweka chini. Ni aibu kumshuku mtu aliyekuletea vipuri miaka yote hii. Na tuseme ukweli, aliogopa pia kwamba Jongoo akijua anashukiwa atasusa, na vikazio avikose.

Siku chache baadaye mjomba akapiga mwenyewe. "Mama, kuna vijana wamepita hapa, wananiuliza kama nauza gitaa. Nimewafukuza."

"Umefanya vizuri, mjomba. Nikipata nafasi nitakuja."

Nafasi alikuwa nayo saa ileile. Akarudi kupiga msasa.

Jongoo alikuja siku isiyo yake, akafungua kitambaa juu ya meza. Vikazio vinne, masikio mapana, kutu kidogo kwenye kingo. Bi Koleo akafurahi kuliko alivyofurahi mwaka mzima, na furaha hiyo baadaye ndiyo iliyomwuma zaidi. Akakigeuza kimoja. Uzi ulikuwa bado umezungushiwa humo, umekatwa. Mwenye gitaa akitaka kutoa kikazio hulegeza uzi kwanza. Anayekata ni mwenye haraka. Akakigeuza kingine, na kwenye sikio akakuta alama za meno ya koleo. Zilikuwa zake mwenyewe. Wakati ule alikuwa binti anayejifunza, akaling'ang'ania chuma bila kutanguliza kitambaa, na mjomba akakataa zisipigwe tupa, eti hiyo ndiyo sahihi yake.

"Vimetoka wapi hivi?"

"Bi Koleo, uliniambia unataka halisi. Hukuniambia unataka na historia."

"Na gitaa lenyewe?"

"Kila kitu na mteja wake," Jongoo akasema, akaondoka kwa mwendo wake uleule.

Bi Koleo hakufunga hata karakana. Alifika nyuma ya kiwanda cha sabuni jua likianza kuinama, akasimama uani kusikiliza. Kimya. Jirani aliyekuwa akianua nguo akamtazama usoni. "Afadhali umekuja," akasema. "Tangu juzi hatujamsikia mzee."

Mlango aliusukuma ukafunguka. Mjomba alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati safi, mikono juu ya magoti. Bi Koleo akamwamkia kwa ahueni.

"Ni wewe, mama?" mzee akauliza akitabasamu. "Umeshalimaliza?"

"Kumaliza nini, mjomba?"

"Gitaa. Si wale vijana wako walikuja kulichukua? Kwanza sikuwaamini. Lakini wakasema wanajua simruhusu mtu kuligusa ila wewe, ndiyo maana umewatuma wakuletee. Nikasema, basi, hao kweli ni wa kwake."

Maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, yakarudi kwake kutoka kinywani mwa mjomba. Akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono ile.

"Mjomba, sikumtuma mtu. Ni mimi niliyewaambia, mdomo wangu huu. Gitaa limekwisha kukatwakatwa."

Mzee hakumlaumu, na ingekuwa heri kama angemlaumu. Mkono wake ulipapasa shuka upande wa ukutani. "Nami niliwapa na ufunguo wa mlango," akasema polepole, "ili walirudishe hata wakinikuta nimelala. Waliuliza sana kama naishi peke yangu. Nikaona ni vijana wenye huruma."

Bi Koleo akageuka kuutazama mlango. Alitafuta komeo la ndani, ambalo ufunguo wa nje haulifungui. Mahali pake palikuwa na matundu manne ya skrubu, masafi, na ubao uliofunikwa na komeo miaka yote hiyo ulikuwa bado mweupe.

"Mjomba, komeo umelitoa wewe?"

"Nilitoe kwa nini? Nalifunga kila usiku," mzee akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Jana nililipapasa sikulipata. Nikadhani ni uzee."