Mlo wetu wa Brussels na kile alichoniomba Anaeli

Jana asubuhi nimekaa ofisini napanga roster ya wapishi wa safari ya Jumatatu. Mkono ukaandika "Anaeli" wenyewe. Nikabaki naliangalia lile jina. Siamini bado, jamani. Tumemzika Jumamosi na mimi bado nampangia kazi.

Wengi mmeniuliza hii picha niliyoiweka hapa ni ya wapi. Ni Brussels, Ubelgiji. Huyo mwenye koti la kuazima ndiye Anaeli, mpishi wa mlimani miaka kumi na tisa. Huyo aliyefumba macho ni mimi.

Kampuni yetu ya Moshi ilitupeleka kwenye maonyesho ya utalii. Kutwa tumesimama bandani, tunatabasamu, tunagawa vipeperushi vya Kilimanjaro. Hoteli ilikuwa Anderlecht, na chakula ni mkate baridi na jibini. Siku ya tatu Anaeli akasema, "Mangi, leo nisipokula wali naenda kulala uwanja wa ndege."

Tukapanda metro, halafu basi, tukashuka Flagey. Tukamsikia mama mmoja Mkongo anaongea Kiswahili kwenye simu, tukamuuliza mgahawa wenye wali uko wapi. "Bon, ya kwetu leo imefungwa, papa. Muende kwa Banepali, pale ku kona. Mutakula bien."

Mgahawa wenyewe wa Wanepali, meza sita tu. Mwenye mgahawa alikuwa mama wa makamo, Kiingereza chake cha kuungaunga kama chetu. Akatuambia tumwite didi, kwao ni dada mkubwa. Akaleta sahani za shaba: wali katikati, dengu, mboga za majani, viazi, achari pembeni. Tukala kwa mkono. Anaeli alikuwa anafumba macho kila tonge.

Sasa sisi tumelelewa hivi: ukikaribishwa, unamaliza. Kuacha chakula ni kumdharau mpishi. Tukamaliza. Didi akaja na sufuria, akajaza tena. Tukamaliza. Akajaza.

Mara ya tatu namwona Anaeli anafungua mkanda chini ya meza.

"Maliza, Mangi. Usituaibishe."

"Nimeshiba mpaka hapa."

"Na mimi pia. Lakini huyu mama anatupima."

Mara ya nne didi akamwita mumewe jikoni aje aone. Yule mzee alicheka mpaka akashika meza. Kwao sahani ikiwa tupu maana yake bado una njaa. Ukishiba, unaifunika kwa mkono, basi. Kumbe na wao walikuwa wameanza kuogopa wali utawaishia.

Mzee mwenyewe alikuwa mpishi wa wapanda milima huko kwao. Wakapotea jikoni yeye na Anaeli. Nikawa nawasikia wanabishana maharage yanataka muda gani kule juu, ambako maji yanachemka kabla hayajapata moto wa maana. Anaeli wa maneno machache, mnamjua, siku ile aliongea kama redio. Ningetoa chochote niisikie tena ile sauti ikitoka jikoni kwa watu, mimi nikiwa nimekaa tu, tumbo limejaa, sijamkosea mtu.

Aliporudi mezani uso ulikuwa umebadilika. "Yule mzee aliacha mlima kwa sababu ya magoti," akasema. "Mangi, na yangu yamekwisha. Nikiwa nashuka nasimama kila kona, nawadanganya wageni kwamba naangalia ndege."

Halafu akaniomba. Ofisini kulikuwa na nafasi ya kitchen manager, kazi ya huku chini, si ya mlimani, kupanga vyakula na wapishi. "Bosi anakusikiliza wewe. Mimi nikiingia mle ulimi unakauka. Niombee."

Nikamwambia, "Niachie mimi."

Sasa ndiyo naungama. Tuliporudi Moshi niliingia kwa bosi nikamsifia Anaeli. Nikasema wageni wanamtaja kwenye reviews, hakuna anayepika kama yeye kule juu, ukimtoa mlimani unaharibu biashara. Kila neno lilikuwa kweli. Magoti sikuyataja. Bosi akauliza, "Basi wewe utaiweza hiyo nafasi?" Nikasema nitaiweza.

Anaeli nikamwambia bosi amekataa. Akasema, "Si umejaribu. Asante, kaka." Na sherehe ya kunipongeza akaja kupika yeye.

Akapanda mlima miaka mitatu zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nampanga.

Amefia nyumbani, akiwa likizo. Presha. Watu wananifariji, wananiambia afadhali hakuanguka mlimani. Mimi naitikia kwa kichwa.

Jana jioni nilikwenda kwa mkewe, Mama Glory, nikamweleza yote haya. Nilijua atanifukuza. Alikuwa anakunja masweta ya marehemu, akaendelea kukunja mpaka nikamaliza.

"Miaka mitatu nilimgombeza," akasema. "Nilimwambia unaringa na huo mlima, kwa nini huombi kazi ya chini? Akaniambia ameomba. Nikamwita mwongo. Mbele ya watoto."

Nikaanza kusema samahani. Akanikatiza.

"Samahani yako kaa nayo kwanza, shemeji. Nenda kaandike huko mnakoandikaga, kila mtu asome. Watoto wake wajue baba yao aliomba."

Basi nimeandika. Glory, Baraka, baba yenu aliomba. Aliomba vizuri, kwa adabu, kwa mtu aliyemwamini. Hakumdanganya mama yenu. Mwongo ni mimi.

Anaeli, kesho alfajiri hakuna mgeni anayesubiri umchemshie maji. Lala salama, kaka yangu. Lala mpaka uchoke kulala.