Washenga Kwenye Njia ya Moto

Ifahamike kwa wakazi wote wa Mjimwema, na kwa walimwengu kwa jumla, kwamba Haruni, mchora ramani wa kujitolea mtandaoni, bingwa wa kukagua vijiji akiwa kitandani, ameufupisha mkoa wa Njombe.

Aliufupisha kwa kidole. Kwenye picha ya satelaiti, katikati ya shamba la misonobari, aliona mstari mpana, mwekundu, umenyooka hadi kijijini kwa kina Hyasinta, mchumba wake. Juu yake kulikuwa na lebo: "Hii ni njia ya moto, si barabara. Usichore. Nimefika kwa miguu." Ndiyo mila ya wachora ramani: anayejua kinachodanganya jicho kutoka angani huacha onyo, na anayelikuta huuliza kwanza. Onyo lile aliliandika Hyasinta mwenyewe, na jina lake lilikuwa pale pale chini. Haruni hakuuliza. "Huyu naye kwa woga," akacheka, akafuta, akachora barabara.

Jumamosi akapanda gari, Noah, na washenga wake kutoka Makambako kupeleka posa, yeye kiti cha mbele, akiongoza. Ukanda ule hufyekwa ili moto usivuke msituni, si ili magari yapite. Gari likazama topeni.

"Haruni, barabara iko wapi?" aliuliza Enoki, baba yake mdogo, suti imeshika tope hadi magotini.

"Ndiyo hii, baba mdogo."

"Mbona ina visiki?"

"Kwenye ramani havipo."

"Basi kalisukume gari kwenye ramani!"

Walifika ukweni kwa miguu, jua linazama. Majirani walikuwa wameshamaliza kuku, na ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulibaki wa kusuuzia kikombe. Hyasinta akaleta maji ya kunawa miguu. Alimnawisha baba mdogo, akamruka Haruni bila kumtazama. Haruni akatamani ardhi ipasuke immeze, ila kwa siku ile hata humo angepotea njia.

Mzee Benno, baba yake Hyasinta, akakohoa.

"Posa yenu naweza kuirudisha sasa hivi, iondoke na tope lake. Lakini nikuulize, kijana, wewe unayeichora dunia. Binti yangu aliandika 'usichore', ukafuta. Akiwa mkeo, akakuambia hapana, utafanyaje?"

Baba mdogo alikuwa na methali nne tayari. Akazimeza zote.

"Nitauliza kwanza," alisema Haruni.