Wimbo Usioimbwa Bila Maiti

Wimbo ule ukisikika kwetu Musonoi, watu huuliza neno moja tu: nani? Hawaulizi ni lugha gani, wala kwa nini wanawake wa Katanga wanalia kwa maneno ambayo hakuna hata mmoja wao anayeyaelewa. Muuza makala ya kupikia anaacha kopo lake hewani. Wewa, kijana wa teksi-moto, pikipiki ya abiria, anazima injini katikati ya barabara. Nani? Jibu likipatikana, kila mtu anavuta pumzi tena, akifurahi kimoyomoyo kwamba si yeye.

Ni wimbo wa kambo, nyanya yangu mzaa mama. Yeye ndiye aliyeuleta kwenye vilio kabla mi sijazaliwa, na bamama wakaushika. Sheria yake ni fupi. Hakuna maiti, hakuna wimbo. Ukiuimba bure, unaita kifo. Na ukishauanza unaumaliza, maana ukiukata katikati aliyekufa anabaki amesimama njiani, hajui aende wapi.

Mtoto kama mi anafanya nini na sheria kama hiyo? Mwalimu wa hisabati alipokuwa akirudisha mitihani, kila alipoitwa mwenye sifuri mi nilivumisha sauti puani, mstari wa kwanza tu, taratibu, kama mjane. Darasa lilianguka kwa kucheka. Nilijiambia kuvumisha si kuimba. Nilikuwa shujaa sana wa mambo ambayo hayajanifikia.

Kisha kifua cha kambo kikaanza kupiga filimbi.

Alikuwa na kikohozi cha kila kiangazi, vumbi la migodi likipanda, lakini mwaka huu mvua zilikuja na kikohozi hakikuondoka. Alikonda. Akawa anakaa kitandani amejifunga kikwembe, kitenge chake, hadi kidevuni, ananituma maji, ananitukana maji yakichelewa. Matusi yake yalinipa nguvu. Siku aliyokunywa maji bila kunitukana, nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo hadi nilipoitwa.

Ni katika hali hiyo ndipo mama mmoja mwimbaji alifika.

Alikuwa mama mzungu wa umri wa kuwa na wajukuu, nywele fupi nyeupe, viatu vya kutembelea mlima. Kazi yake ni kuimba kwenye majukwaa huko Ulaya nyimbo za kwao, kwa lugha inayoitwa Ladino. Kwa Kifaransa alitueleza sisi wanakwaya kwamba ni Kihispania cha zamani. Mababu zake Wayahudi walifukuzwa Hispania, wakaondoka na lugha mdomoni, wakaishi nayo kisiwani Rhodes, na kutoka Rhodes wengine wakaja huku Katanga kufungua maduka. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa hapa Kolwezi. Sasa alitaka kuziimba nyimbo zile mahali zilipoimbwa jikoni, na maestro, yaani kiongozi wa kwaya yetu, akampa ukumbi wa paroasi, parokia yetu, kwa Jumapili moja mchana.

Maestro ndiye aliyefungua mdomo. Alimwambia kuna mama mzee Musonoi aliyefanya kazi nyumba ya wenye duka, na bado ana wimbo wao.

Mgeni akaletwa kwetu, kuomba kambo auimbe Jumapili ile. Tukampa kiti kizima. Kambo alimtazama muda mrefu, akasema kwa sauti yake ya filimbi, "Sura ni ya tata wa duka. Pua ile njo ya kwao."

Maestro akatafsiri kwamba anafanana na babu yake, akaiacha pua.

Halafu kambo akasimulia, hadithi ambayo mi naijua kama njia ya chooni. Alikuwa kasichana, ametoka Kasaji kwa treni, hajui hata kufungua bomba la maji. Mama mwenye duka akampa kazi ya jikoni. Siku moja wanawake wa kwao wakajaa nyumbani, wakamfungia binti wa nyumba chumbani. Kambo akaambiwa achemshe maji, abebe ndoo hadi mlangoni, asiingie. Ndani walikuwa wanamwosha binti. Waliimba. Wengine walilia, na aliyelia kupita wote alikuwa mama yake. Kesho yake binti alitolewa amevaa nyeupe toka kichwani hadi chini, akapandishwa kwenye motokari yenye maua, na hakurudi nyumba ile tena. Wimbo ulibaki kwa kambo. Miaka ilipopita, mtoto wake wa kwanza akafa na homa, wanawake wakamwosha, wakamvika nyeupe, na kambo akasikia mdomo wake unaimba wimbo ule wenyewe.

Kipande hicho cha mwisho kambo hakukisema siku ile. Kikohozi kilimkamata kwenye maua ya motokari, na hakikumwachia. Alipopata pumzi alininyooshea kidole.

"Mi siwezi tena. Huyu njo ataimba."

"Kambo, mi?"

"Weye. Si kila siku unaimba nyuma ya migongo ya bantu? Sasa utaimba mbele."

Mama mwimbaji akaomba nimwonjeshe kidogo. Nilimtazama maestro, maestro akatazama dari. Nikavumisha ule mstari wa puani. Mama yule akakaza macho, akauliza huwa tunauimba wakati gani. Maestro ana diploma ya Kifaransa, lakini siku ile alipata neno moja tu, "Cérémonies," yaani kwenye shughuli. Aliogopa mgeni akisikia neno kilio ataufuta kwenye programu. Mgeni akatabasamu. Akasema, vizuri sana, naujua, basi na mimi nitaingia nyuma yako.

Walipoondoka, mama mkubwa, dada yake mama yangu, alinivuta hadi kwenye karo la vyombo. Yeye anasali kwenye kanisa la maombi makali, na huko watoto wenye ulimi mrefu huwa hawachelewi kupewa jina.

"Sikia. Mama yangu ni mugonjwa. Ile wimbo inaita. Kama unaiimba na mama anafwa, bantu hawatasema kikohozi."

"Watasema nini?"

"Unajua jina yenye watasema."

Nililijua. Mulozi. Nimemwona msichana wa mtaa wa pili aliyepewa jina hilo. Sasa analala sokoni chini ya meza za samaki, na sisi wote tunapita upande wa pili. Mi pia.

Nikaenda kwa kambo kumwomba anitoe. Nilimwambia nina koo. Nilimwambia nina mtihani. Mwishoni nikamwambia ukweli, kwamba naogopa atakufa na watasema ni mi.

"Na kama nakutoa, nitapona?"

Nilitazama kikwembe chake kikipanda na kushuka.

"Basi nenda chota maji."

Jumapili ilifika. Ukumbi ulijaa, maana kitu cha bure Kolwezi hakikosi watu: wachimbaji wenye shati la misa, makarani, bamama wa soko, watoto madirishani. Kambo aliletwa kwa teksi-moto, amebanwa kati ya wewa na mjomba kama gunia la unga, akawekwa safu ya mbele. Mama mkubwa alikaa kando yake, ameshika chupa ya mafuta ya maombi.

Mama mwimbaji alianza peke yake, na tari mkononi. Aliimba wimbo wa mapenzi, akaimba wa mama mkwe mchoyo, na kabla ya kila wimbo maestro alitueleza maneno. Wa mama mkwe ulipendwa hadi mama mmoja akaomba urudiwe, akimtazama mtu. Mi nilikuwa pembeni ya jukwaa nimefungwa kikwembe cha kwaya, vidole baridi kama vya chura. Nilijaribu kutunga mzaha kichwani, kwa kawaida unakuja wenyewe. Haukuja.

Wimbo wangu maestro hakuueleza. Alisema tu, "Na sasa binti yetu," akatoka haraka kama mtu aliyewasha fataki.

Nikaimba mstari wa kwanza. Safari hii kwa mdomo.

Kitu cha kwanza kilikuwa sauti ya viatu. Bamama walivua viatu, safu kwa safu. Kisha vitambaa vya kichwa vikafunguliwa. Kisha wakashuka kwenye viti, wakakaa chini kwenye saruji na miguu imenyooka, kama wanavyokaa kwenye kilio, na wa kwanza akaanza kulia. Haikuwa kwamba walitaka. Mwili ulikuwa umezoea. Wanaume wakaanza kuulizana lile neno, nikaliona likipita midomoni, nani, nani, simu zikatoka mifukoni, baba mmoja karibu na mlango akakimbia kwenda kuangalia kwake.

Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu, macho yote yakaenda safu ya mbele.

Kambo alikuwa amefumba macho. Kidevu kimeanguka kifuani. Kikwembe chake, ambacho wiki zote zile nilikuwa nakitazama kikipanda na kushuka, hakikupanda. Mama mkubwa alikuwa amesimama, ananitazama mi, si yeye. Mdomo wake ulikuwa tayari na lile jina.

Nilitaka kuacha. Lakini kuacha katikati kulikuwa na sheria yake. Kama kambo ameondoka, basi nikinyamaza namwacha amesimama peke yake njiani, na miguu yake mibovu ile. Kwa hiyo niliendelea. Machozi yaliniingia mdomoni, nikayameza, nikaimba juu yake. Na hapo nyuma yangu mama mwimbaji akaingia kama alivyoahidi, kwa furaha kubwa, macho amefumba, anapiga tari haraka haraka, kiuno kinacheza. Watu wanalia chini, yeye anacheza juu, mi katikati nazika nyanya yangu. Sijawahi kuogopa hivyo, na sidhani nina mahali pengine pa kuogopea.

Nikafika mwisho. Tari ikanyamaza. Ukumbi mzima ulikuwa unavuta kamasi.

Kambo akafungua jicho moja.

"Umeruka fungu ya maji," akasema.

Nikakaa palepale jukwaani. Mtu nyuma akacheka cheko la woga, wengine wakamfuata, wengine bado wanalia. Mama mwimbaji alishusha tari. Uso umemwisha rangi. Akamuuliza maestro watu wanalia nini, na safari hii hakukuwa na dari ya kutosha kutazama. Maestro akasema.

Mama yule aliizungusha tari mikononi. Kisha akaongea polepole, na maestro akatafsiri kila neno, jasho linamtoka. Ni wimbo wa arusi. Wanawake wa kwao huuimba wakimpeleka bibi arusi kuoga, kabla hajaolewa. Ni wimbo wa furaha.

Hakuna aliyesogea. Bamama walikuwa bado chini na vitambaa mikononi.

"Aba," mama mkubwa akasema. "Basi miaka yote tunaolesha maiti?"

Kambo alikohoa kwanza, kwa raha yake, hadi akamaliza.

"Maji nilibeba mi mwenyewe. Walimuosha, walimuvalisha, mama yake alilia, akatoka, hakurudi. Mulitaka niite ile kitu nini?" Akamgeukia mwimbaji. "Muulize. Yule binti alifika?"

Maestro akauliza. Mama mwimbaji alishuka jukwaani, akachuchumaa mbele ya kambo. Alisema binti yule alikuwa mama yake. Alifika mbali, akazaa watoto, akazeeka, akafa kitandani kwake, na alikuwa akiuimba wimbo ule akiosha vyombo.

"Alifika," kambo akasema, kama mtu aliyekuwa anangoja taarifa ya kituo tangu treni iondoke. "Njo muzuri. Na wangu wamefika."

Kisha akataka kurudi nyumbani, makalio yanamuuma.

Ningependa kusema woga uliishia pale. Bamama waligawanyika. Wengine wanasema kilio kijacho hawatauimba, ni aibu. Wengine wanasema wataimba, maana wafu wao walishazoea. Hakuna bibi arusi Musonoi anayetaka kuusikia hata kwa mbali. Mama mkubwa aliirudisha chupa ya mafuta kabatini, lakini haikukaa nyuma ya vyombo. Iko mbele, naiona kila nikichukua sahani. Wimbo umetoka bila maiti, na kambo bado anapiga filimbi.

Amenipa kazi ya kujifunza fungu la maji, lile la ndoo kufika mlangoni. Ananiimbia mstari mmoja mmoja, anapumzika, ananitukana, anaimba mwingine. Anasema siku yake sitaruka kitu. Mi najizoeza kando ya barabara ya Mashamba, malori ya mgodi yakipita, ili asinisikie mtu yeyote na hasa asinisikie yeye.

Na kila asubuhi, kabla ya masomo, nasimama kwenye mlango wake na sare yangu. Nasikiliza. Nikikosa kikohozi, sijui nifanye nini, kwa hiyo nafanya kile ninachojua: navumisha mstari wa kwanza, puani, taratibu, kama mjane.

"Bado," anajibu toka ndani. "Leta maji, mupumbavu weye."