Kisipoe!

Mhunzi wetu wa kando ya Mto Milk ni mzungu mwenye vidole kama viazi vilivyoungua, na anapenda chuma chekundu kuliko watu. Kikishatoka motoni, hata mkewe akimwita kula, anafoka: "Kisipoe!" Mimi ananitania kila siku, maana kwetu, kabila la Blackfoot, mwanamume hatazamani na mama mkwe. Ukimtazama, unamlipa farasi kwa aibu uliyompa.

"We kijana, mama mkwe anang'ata?"

"Afadhali mimi nakwepa, mzee. Wewe wako ulimkimbia bahari nzima!"

Jana nimeshika mguu wa farasi wangu, na sina mwingine, mhunzi anapima kiatu cha moto kwenye kwato, mara nikasikia sauti ya mama mkwe mlangoni. Kafuata sufuria yake aliyoileta kuzibwa tundu. Pa kutokea hapakuwepo. Mhunzi akatupa kila kitu, akavua aproni yake ya ngozi, akanifunika kichwa kizima.

"Ingia, mama," akasema kwa lugha yetu, akiivunjavunja. "Niko peke yangu."

Mama, anayemjua farasi wangu tangu azaliwe, akachukua sufuria, akaondoka bila swali.

Nilipofunuliwa, chuma kilikuwa chini, kimepoa, cheusi tii. Mzee akakiokota, akakirudisha motoni.

"Shika mguu," akasema.