Pombe ya Babu, Bustani ya Mama

Wiki hii jirani yangu wa nyumba ya chini, hapa Mwanza, ameamua kuvunja ukuta wa jiko lake. Fundi anaanza asubuhi, ko, ko, ko, mpaka vikombe vyangu vinacheza kabatini. Wapangaji wenzangu wanalalamikia kelele. Mimi kelele hazinisumbui, ila kukaa ndiyo siwezi. Juzi nimejikuta nimepiga magoti sebuleni, kiganja sakafuni, nasikiliza. Mume wangu amesimama mlangoni, ananiuliza kama nimedondosha hereni. Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini tena? Habari yenyewe ni ndefu na haifai kusimuliwa mtu akiwa amesimama. Wewe kaa, vuta kiti.

Kwetu ni mbele ya Runzewe. Ukishaacha lami unafuata barabara ya vumbi jekundu mpaka uone kilima kilichotobolewa huku na huku na wachimbaji. Kilima hicho ndicho kilichowalisha watu wengi pale, na ndicho Mama alichokichukia kuliko kitu chochote duniani. Sisi tulikuwa watu wa jembe. Baba alilima tumbaku, na kila kiangazi alikuwa Ushetu kwa kaka yake, wanafunga mitumba na kusubiri soko. Nyumbani tulibaki Bibi, mama yake Baba, Mama mwenyewe, Kaka yangu, kijana aliyekwisha kuota ndevu, na mimi, msichana wa darasa la nne, mdomo haufungi.

Aa, kiangazi cha kwetu! Shule zimefungwa, mahindi yako ghalani, na kazi zinazobaki ni za kukaa chini na kupiga soga. Tulimenya viazi vitamu tangu asubuhi, tunavikata vipande na kuvianika juu ya mawe vikauke viwe michembe. Majani ya kunde nayo tuliyaanika yawe nsansa ya kula mpaka mvua zirudi. Jioni Bibi alinipa michembe iliyopikwa kwa karanga, ya moto, naila huku nahamisha mkono huu kwenda huu. Sijala kitu kitamu vile tena. Ninayonunua sokoni hapa inafanana kwa sura tu.

Halafu kulikuwa na bustani. Wanawake wa kijijini walimcheka Mama kwa ajili ya hiyo bustani, wakimwuliza kama maua yanaungwa kwa nyanya au kwa maziwa. Alikuwa na waridi aliyoipata Kagongwa kwa mke wa muuza duka mmoja, Mhindi, aliyemkatia kijiti na kumfungia kwenye kitambaa kibichi. Alikuwa na bogenvilia, kana nyekundu, na yale maua madogo ya zambarau ambayo watu hupanda makaburini. Na kweli yalikuwa ya kaburini. Babu alizikwa pale pale uani, kama ilivyo desturi yetu, na Mama aliianza bustani yake kwa kulizunguka kaburi hilo, ng'ombe wasilikanyage. Baadaye ikakua ikafika mpaka ukuta wa jiko. Maji ya kuoshea vyombo, ya kunawia, ya kuoshea mchele, yote yalikwenda kwenye maua. Ukimwaga maji njiani ulikuwa unatafuta ugomvi.

Sasa, Kaka. Kaka alikuwa na mikono isiyotulia, na rafiki yake wa tangu utotoni, mtoto wa jirani yetu, alikuwa hivyo hivyo. Hao walikula sahani moja na kuchapwa fimbo moja. Mwaka mmoja kabla ya kiangazi hiki ninachokusimulia waliingia kuchimba kwenye duara moja la kilimani. Duara ndiyo shimo lenyewe, linashuka kama kisima, halafu huko chini watu wanatoboa njia wakifuata mwamba wenye dhahabu popote unapoelekea. Mama hakulala usingizi mzuri miezi ile. Siku moja duara la jirani lilikaa, yaani liliporomoka, akatolewa mtu amefunikwa turubai, na Mama akaenda kilimani kwa miguu, bila viatu, akamshika Kaka mkono mbele ya wenzake wote.

"Mwanangu, nakuomba," alimwambia. "Ukitaka nipige magoti nitapiga."

Kaka aliona aibu, akaapa. Akasema atafanya kazi ya juu tu, kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Rafiki yake naye akamwahidi mama yake hivyo hivyo. Basi wale akina mama wawili wakapata amani. Kaka alilala kambini kwa siku kadhaa, kisha alikuja nyumbani na sukari, sabuni ya kipande, na vumbi jeupe kwenye nyusi. Mama aliliona lile vumbi la karasha na kumshukuru Mungu.

Kiangazi hicho ndipo kugonga kulipoanza.

Niliyesikia kwanza ni mimi. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye kivuli cha bogenvilia, namkwepa Mama aliyetaka nikachote maji lamboni, na nikasikia tumboni kabla ya masikioni. Ko, ko, ko. Kunanyamaza. Ko, ko, ko. Nilikwenda mbio kumwita Bibi. Bibi alikuja polepole, akaweka fimbo yake chini, akalala ubavu juu ya ardhi karibu na kaburi la mumewe. Alikaa pale muda mrefu, nikaanza kuogopa. Alipoinuka, kanga yake imejaa majani, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni babu yako huyo. Ana kiu."

Usicheke. Kwetu masamva, wale wahenga wetu, hawaendi mbali. Mtu akisahauliwa atakuja kukukumbusha, atamwuguza mtoto au atakausha ng'ombe. Na Babu alikuwa hajapewa pombe tangu azikwe, kwa sababu Mama alikuwa mtu wa kanisa na Baba hakutaka ugomvi ndani ya nyumba. Mama alisikiliza naye. Alisema labda ni mizizi, labda ni panya buku. Lakini jioni ile hakumwagilia maua ya upande wa kaburini.

Kulizidi. Asubuhi tukitwanga, kinu kikinyamaza, kule chini kunaendelea. Kuku waliacha kuoga vumbi mahali pale. Mbwa alikwenda kulala kwa jirani, na nyumbani hakurudi hata kwa ugali. Ikaonekana ufa mwembamba ukutani mwa jiko, na Mama akaukandika udongo, na kesho yake ukaonekana tena. Nilianza kupita uani nikinyata. Nilihisi nikikanyaga kwa nguvu, huyo aliye chini atajua kwamba ni mimi.

Kaka alipokuja nyumbani, Bibi alimshika mkono akampeleka kusikiliza. Siku hiyo kulikuwa kimya. Kaka aliuliza kunagonga saa ngapi, upande gani, kwa nguvu kiasi gani. Aliuliza sana. Kisha akacheka, akamkumbatia Bibi.

"Mpikie pombe mzee wako, Bibi. Usimbanie."

Mama alimkemea kwa kumtia Bibi moyo. Yeye akala viazi vyake, akamsifia waridi, akaondoka na rafiki yake aliyekuwa anamsubiri njiani. Nawaona mpaka leo, mmoja ameshika redio, mwingine anapiga mluzi.

Bibi akaloweka mtama. Wewe unajua pombe ya mtama haiharakishwi. Uoteshe, ukaushe, usage, upike, usubiri. Siku zote hizo chini kunagonga, haraka haraka. Halafu asubuhi ile pombe ilipokuwa tayari, ulikuja mshindo mmoja mzito uliotikisa sufuria, na vumbi likaanguka kutoka darini. Tulidhani wamelipua baruti kilimani. Kukawa kimya. Baadaye kidogo kukaanza tena kugonga, lakini safari hii taratibu, mara tatu, kunapumzika, mara tatu. Bibi alifunika mdomo kwa kiganja.

"Sasa ananiita," alisema.

Akina mama wa jirani wakaja, na wa kwanza kufika alikuwa mama wa yule rafiki wa Kaka. Yule mama alikuwa na sauti! Akianzisha wimbo, hata asiyejua anaitikia. Bibi alijaza pombe kinywani akaipuliza upande wa mapambazuko, akamimina kwenye kibuyu, akammiminia Babu kaburini. Alimwambia kwa Kisukuma kwamba tumesikia, atulie, hatujamsahau. Kisha wakaimba na kucheza pale pale kati ya maua, miguu inapiga ardhi kwa pamoja, kana zikivunjika, na Mama amesimama mlangoni mwa jiko amekunja mikono. Na walipopumzika, kule chini kulijibu. Ko, ko, ko. Haraka, kwa furaha. Watu walipiga vigelegele. Hata mimi nilipiga.

Waliimba mpaka jua likashuka, wakaenda zao. Kule chini kuligonga kidogo, kukafifia. Bibi akasema, "Ameshiba."

Kesho yake, jua limekwisha kuwaka, alikuja mchimbaji mmoja kutoka kilimani. Hakusalimia. Mtu asiyempa Bibi shikamoo! Aliuliza tu kama tumesikia chochote ardhini. Mama alimwambia tumesikia, ni mambo ya wazee. Yule mtu akaketi chini kwenye vumbi, akaanza kulia. Duara lao lilikuwa limekaa tangu jana asubuhi. Mwenye duara aliwazuia wasiseme, akiogopa serikali kumfungia, akidhani atafukua mwenyewe kupitia mlangoni mwa duara. Mwamba waliokuwa wanaufuata ulikuwa umepinda, ukapanda juu kuja upande wa kwetu. Ndani walikuwepo wawili.

Hakutaja majina. Mama hakuyauliza. Alichukua jembe lililoegemea ukutani, akaingia kwenye bustani yake, akaanza kuchimba. Aliing'oa waridi ya Kagongwa kwa mkono mtupu, miiba na yote, akaitupa nyuma. Nilisikia sauti ikimtoka ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Wanaume wakaja na sururu na machepeo, wakaja wengi, wakamwomba apishe. Alikataa. Ikabidi ashikwe.

Kabla ya jioni walitoboa. Kaka alitoka akiwa hai, macho hayastahimili mwanga, midomo imepasuka, anatetemeka. Rafiki yake alitolewa nyuma yake. Alikuwa amekufa alfajiri ile.

Na neno la kwanza la Kaka, baada ya maji, nalikumbuka. Alimtafuta Bibi kwa macho, akasema, "Bibi, tuliwasikia mkiimba. Tukajua mmetusikia. Asante, Bibi."

Mama alikuwa ameshika miguu ya Kaka, analia juu ya magoti yake. Bibi aliinuka akaingia ndani. Nilitaka kusema, si unajua mdomo wangu, na Mama akanitazama mara moja tu, nikanyamaza. Tumenyamaza wote tangu siku hiyo. Kaka hakurudi tena ardhini. Ni fundi pikipiki Kahama, ana watoto, na kila alipokuja nyumbani alimletea Bibi kanga na kurudia habari ile ile: jinsi walivyogonga, jinsi sauti zilivyoshuka kwenye udongo, jinsi mwenzake alivyotabasamu gizani na kusema mama yake anaimba. Kila mara Bibi alikumbuka kitu ndani cha kwenda kuchukua.

Nyumba ile haipo. Uani kuna shimo lililozungushiwa miiba, Babu alihamishwa, na Mama amejengewa karibu na barabara, kwenye ardhi ngumu. Hapandi maua. Nimempelekea mbegu mara nyingi, anazipokea, anaziweka juu ya kabati. Michembe bado anakausha. Namkumbuka yule Mama wa maji ya vyombo, aliyegombana na mtu kwa maji yaliyomwagwa njiani, na nikisema kweli, roho inaniuma kuliko ninavyomwonyesha.

Bibi tulimzika mwaka jana. Kwenye msiba Kaka aliomba kusema neno. Nilijua atasema nini, Mama alijua, na tulishikana mikono kwenye mkeka. Akasimama mbele ya watu wote akaeleza jinsi Bibi alivyotega sikio lake la uzee akawasikia chini ya ardhi, akaita kijiji, wakaimba kuwapa moyo wakati wanaume wanatafuta pa kuchimba. Mama wa rafiki yake alikuwa ameketi mstari wa mbele. Amezeeka, lakini sauti ile bado anayo. Aliimba siku ile ya pombe kuliko wote, alikanyaga kuliko wote, na mwanawe chini ya miguu yake.

Kaka alimgeukia, machozi yanamtoka. "Mama, si ndiyo? Si mlitusikia?"

Yule mama alimtazama. Kisha akanyoosha mkono akamshika mkono, kama angemshika mwanawe.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Tuliwasikia."