Mashine ya Kumwamkia Bibi

"Mbona haniamkii?"

Hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza la bibi yangu kila asubuhi nikiingia fleti yao ya Michenzani. Bibi hakuwa na macho tangu mimi mdogo. Mjomba, mwanawe wa kiume wa pekee, alitolewa kikoromeo kwa saratani na sauti ikaenda nacho. Wakikaa wawili chumba kimoja, mmoja haoni maandishi, mwengine hana cha kusemea. Nikimwambia bibi kuwa mjomba kafanyiwa operesheni analia, kisha anasahau, na kesho yake anauliza tena kamkosea nini mwanawe. Mjomba mwenyewe yuko pale pale, kamshika mkono. Bibi anauvuta mkono wake na kuuliza, "Nani huyu?"

Mie nna hasira za karibu. Nikitoka pale nikishuka ngazi za jengo lile natukana peke yangu.

Dawa ya yote hayo ilikuwa mashine moja kuukuu, imefunikwa kanga pembeni mwa kabati. Zamani, mjomba akiwa fundi wa kompyuta, alirekodi sauti yake neno moja moja akaitia kwenye kadi aliyoiunda kwa mkono wake, na akaandika programu ya kuyaunga maneno hayo. Akenda kazini, mashine inabaki na mama yake: "Shikamoo, mama. Saa nne sasa." Bibi akajua wakati wa sala na wakati wa dawa bila ya kumsumbua jirani. Kisha diski ya mashine ikafa; ikatiwa nyingine yenye mfumo mtupu. Sauti zilisalimika ndani ya kadi, na maandishi ya programu mjomba alikuwa na nakala yake, lakini kadi haikubali mashine yoyote ila ile, na ile ilikuwa haina tena kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine. Mfumo wake ni wa kale, waliouuza washausahau.

Basi nikachukua kompaila ya bure, ambayo msimbo wake, yaani maandishi yake, uko wazi kwa kila mtu, nikaanza kuifundisha mfumo ule wa kizee. Kazi yangu ni kuandika programu za mahoteli pale Mji Mkongwe. Nikaomba ruhusa, asubuhi nikawa nashinda Michenzani. Jirani wa mlango wa pili akipita hunitania: "Shoga, bado unamkanda maiti?" Namjibu ashughulike na mume wake.

Nilikuwa nikirekebisha msimbo kwenye laptopu yangu, naupeleka kwa waya kwenye mashine ya mjomba, naiacha iijenge kompaila hiyo kwa kompaila ndogo ya kuanzia, isiyotosha programu ya mjomba. Vipande ni vingi na ile mashine ni nzito. Hilo nililijua. Nilichokuwa sikijui ni kwa nini kila umeme ukikatika, au kila nikisimama kurekebisha mstari mmoja, haiendelei pale ilipoishia. Inaanza upya, tangu kipande cha kwanza, utadhani haijafanya kitu. Nikautazama msimbo wangu hata macho yakaniuma. Nikawauliza watu wa ng'ambo kwenye mtandao, wakaniambia hilo haliwezekani. Nikasema mimi ndiye mjinga, basi. Huku bibi amekwisha kuacha kula wali, anakunywa uji tu, na sauti yake ya kuuliza inazidi kuwa ndogo. Ngojangoja huumiza matumbo.

Siku moja adhana ya adhuhuri imeshatoka, bibi akauliza kitandani, "Saa ngapi sasa, mwanangu?"

Nikatupa jicho kwenye kioo cha mashine ya mjomba. "Saa sita u nusu, bibi."

Kisha nikaiangalia laptopu yangu iliyo ubavuni mwake. Imeandika kumi na mbili na nusu.

Nikazitazama tena zote mbili. Siku zote nimekuwa nikisoma tatu pale kwenye kioo, na ni saa tatu kweli. Nikisoma nne, na ni saa nne kweli. Mgeni yeyote angeliliona siku ya kwanza. Mie mtoto wa Unguja nimeliona ni sawa. Mjomba aliitia mashine saa yetu, ili imsomee mama yake kama tunavyosema, na kwa hiyo ilikuwa nyuma ya laptopu yangu kwa saa sita. Kila nilichokileta asubuhi kilikuja na saa ya mbele. Mashine ikitazama vipande ilivyovijenga, inaona vimezeeka kuliko msimbo wenyewe, inavitupa, inaanza tena.

Nikanyoosha mkono niirekebishe ile saa. Mjomba akanizuia. Akaandika kwenye simu yake: *Hiyo nimemwekea mama.* Nikataka kumfokea, nikashindwa. Nikabadilisha saa za msimbo wangu, nikaiacha saa yake. Mashine ikaanza kujenga, na mara hii ikawa inasonga mbele.

Bibi alikufa alfajiri, mashine ingali inajenga. Waliokuja kumwosha waliikuta inanguruma pembeni, wakauliza ni kitu gani, na mjomba akawaashiria waiache.

Ilimaliza tukiwa msibani. Hitima ilipokwisha na watu wakaondoka, niliijenga programu ya mjomba kwa kompaila ile, ikakubali mara moja, hata kosa moja haikutoa. Nikalichukia hilo. Nilitamani inisumbue, walau nipate cha kulaumu.

Mjomba akavuta kiti, akabonyeza.

"Shikamoo, mama. Saa nne sasa."

Sauti ya kijana, safi, ndiyo ile iliyokuwa ikinituma dukani nikiwa mdogo. Chumba kizima kikaisikia. Nimelelewa kuwa shikamoo haiachwi ikapotea bure, lazima mtu aipokee. Lakini maisha yangu yote ni mimi niliyekuwa nikimwamkia mjomba. Marahaba ile ilikuwa ya bibi, haikuwa yangu kuitoa.

Mjomba akangoja, uso kaugeuzia kitanda cha mama yake. Alipochoka kungoja, akaizima.